Barua ya Mama Kuhusu Mizani ya Pamba

Mama yangu alijifunzia kusoma kwenye kitabu cha pamba. Ukerewe, kisiwa chetu katika Ziwa Viktoria, ilikuwa miongoni mwa wilaya chache ambazo Mwalimu Nyerere, alipoukaribisha mwaka 1971, alizitaka zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka huo haujaisha. Kisiwa kikageuka darasa. Watu walisomea kanisani, kwenye stoo, chini ya michungwa. Vitabu vilitoka kwenye mradi wa majaribio uliokuwa Mwanza tangu 1968 kwa msaada wa UNESCO, na kila kitabu kilifuata kazi ya msomaji: wavuvi walikuwa na chao cha uvuvi, wenye migomba cha migomba, sisi tuliolima pamba tukapewa cha pamba. Neno la kwanza aliloweza kuliandika mama ni "pamba". Jina lake lilikuja baadaye.

Mwalimu wao alikuwa kijana wa hapohapo kijijini aliyemaliza darasa la saba, akilipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Walisoma alasiri, wametoka shambani, wengine na watoto mgongoni. Mtihani wa taifa ulipofanyika Agosti 1975, mama alifuzu hatua ya nne, ambayo ndiyo ya juu. Baba alikuwa amesoma hadi darasa la nne enzi za mkoloni, kwa hiyo kisomo hakikumhusu. Ndiye aliyesoma barua zilizoletwa nyumbani na ndiye aliyezijibu.

Aliyejua kusoma ukubwani akikosa cha kusoma, herufi humtoka. Kwa ajili ya watu hao mwaka 1974 lilianzishwa Mwanza gazeti la kila mwezi lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lisomwe katika mikoa ya Ziwa. Lilikuwa na habari za kilimo, afya na siasa, na lilikuwa na barua za wasomaji. Kijijini kwetu nakala zilikuwa chache kuliko macho, hivyo zilisomwa kwa sauti darasani, na nawaambia, barua ndizo zilizosubiriwa. Habari za mbolea mtu angeweza kuzisikia kwa bwana shamba. Lakini mkulima wa ng'ambo ya ziwa anapouliza mbona zahanati ya kwao haina dawa, hapo kina mama waliweka chini ukili waliokuwa wakisuka. Walibishana naye kana kwamba amekaa nao mkekani. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikikaa nyuma yao na mdogo wangu mapajani, na nilijifunza pale kuliko shuleni jinsi watu wazima wanavyotafakari jambo.

Sasa nieleze habari ya mizani.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na vijiji vikabebeshwa kazi ya kukusanya mazao. Kwetu stoo ilikuwa ileile na mizani ileile. Mgeni alikuwa karani. Pamba tulikuwa tumekwisha kuichambua nyumbani, safi upande huu, fifi, yaani ya daraja la chini, upande ule, kazi ya wanawake na watoto usiku baada ya ugali, mpaka ncha za vidole zinachubuka kwa makaka yaliyokauka. Siku ya kuuza tulifunga mizigo kwenye mashuka, tukaibeba kichwani alfajiri ili tuwahi foleni.

Mizani ilining'inia kwenye boriti, uso wake mviringo kama saa ya ukutani, na mshale mmoja. Wengi waliopanga foleni hawakuwa na haja ya kuutazama, kwa sababu karani alitaja uzito kwa sauti na msaidizi wake akaandika. Mama aliutazama. Aliutazama wakati ndoano ikiwa tupu, kabla mzigo wa mtu aliyemtangulia haujapandishwa, akaona umelala chini ya sifuri.

Jambo hilo alilijua kutoka kliniki. Kila mwezi alimpeleka mdogo wangu kupimwa, na nesi wa pale, kabla ya kumning'iniza mtoto yeyote, aliitazama kwanza mizani yenyewe. Mshale usipokuwa kwenye sifuri alizungusha kijiskurubu cha juu mpaka utulie. Mama aliwahi kumuuliza sababu. Nesi alimjibu kwamba wakianzia chini ya sifuri, mtoto ataonekana amekonda na kumbe hajakonda. Sidhani kama nesi yule aliwahi kujua kazi iliyofanywa na jibu lake.

Zamu yetu ilipofika mama alisema kwa upole, "Mwanangu, mbona mshale uko chini na hujaweka kitu?"

"Mama, mizani hii imekaguliwa na wataalamu. Weka mzigo, watu wanasubiri."

"Nitaweka. Naomba kwanza uirudishe sifuri."

Karani alicheka, akawatazama wanaume waliokuwa karibu ili nao wacheke. "Kama unaona unapunjwa, beba pamba yako urudi nayo nyumbani."

Hakuna aliyeweza kubeba pamba akarudi nayo. Mnunuzi mwingine hakuwapo, na chumvi, mafuta ya taa na sare zetu za shule vilikuwa vinaisubiri fedha ileile. Mama akaweka mzigo. Mshale ulipita kilo kamili kwa nusu na zaidi kidogo, karani akataja kilo kamili, nusu haikutajwa. Mzigo wa pili, vivyo hivyo. Msaidizi akaandika stakabadhi kwa jina la baba, kwa kuwa shamba lilikuwa la baba, ingawa tangu kupanda hadi kuchuma aliyeinama humo ni mama.

Njiani hakusema neno. Kesho yake darasani kwao aliwaomba wenzake wasifungue kitabu kwanza. Aliwaeleza alichokiona, mmoja akasema naye ameona lakini alidhani ndivyo mizani ilivyo, mwingine akasema mume wake aligombana na karani yule kwa sababu pamba yake safi imeitwa fifi. Mwalimu wao, kijana mdogo yule, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kama wanataka kuandikia gazeti, yeye atawaonyesha namna ya kuandika anwani kwenye bahasha, ila barua waiandike wenyewe.

Mama aliandika nyumbani, kwenye karatasi ya katikati ya daftari langu la hesabu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikajitolea kumwandikia. Alikataa, akanipa koroboi nimshikie. Alikuwa akikandamiza kalamu mpaka herufi zinaonekana upande wa pili wa karatasi, na kila alipomaliza mstari aliusoma wote kwa sauti. Barua ile ninaikumbuka neno kwa neno, maana baadaye niliisikia ikisomwa mara nyingi mno:

"Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe dukuduku langu. Sisi wakulima wa pamba tunapimiwa kwa mizani ambayo mshale wake unaanza chini ya sifuri. Nusu kilo nayo haiandikwi. Mimi nakadiria kila mzigo unapoteza kilo moja na nusu. Mizigo mia moja ni kilo mia na hamsini. Kilo hizo anazipokea nani? Tulifundishwa kusoma ili tujue kupima. Sasa tumejua. Naomba wahusika waje waione mizani hii kabla msimu haujaisha."

Baba aliisoma akiwa amesimama. Aliposema hesabu ni sahihi, mama alitabasamu, lakini hakuwa amemaliza. "Mama watoto, hapa chini andika 'jina kapuni'. Wengi wanafanya hivyo."

Sitamsema baba kwa hilo. Miaka ile mtu aliyelalamikia kazi ya umma aliweza kuambiwa anapinga siasa ya chama, na maneno hayo hayakuwa mepesi kuyabeba. Isitoshe alijua kijiji kitamcheka kwamba mkewe ndiye msemaji wa nyumba. Alimweleza yote hayo bila ukali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto, karani ataambiwa kuna barua, atasema haina mwenyewe. Mwenyewe awepo."

"Basi andika jina langu. Stakabadhi ni yangu."

"Stakabadhi ni yako, na palizi ni yangu. Kwenye karatasi ya karani tumeandika wewe. Kwenye hii niandike mimi."

Baba aliirudisha barua mezani. Mama akaandika jina lake la ubatizo, jina la baba yake mzazi, na jina la kijiji. Nimesoma barua nyingi za wasomaji tangu siku ile, na nimeandika zangu, na bado sijaona saini iliyonigusa kama hiyo iliyopinda kuelekea chini ya karatasi.

Mwalimu aliipeleka bahasha posta ya Nansio kwa baiskeli. Toleo lililofuata likaja bila barua. Mama alilisoma lote hata hivyo, na wenzake wakaanza kusema pengine imezama ziwani pamoja na meli. Toleo la baada ya hapo mwalimu alikuja nalo anakimbia, mguu wa suruali bado umebanwa na kibanio cha baiskeli. Ilikuwa mle, na herufi mbili tatu wamezinyoosha. Chini yake jina, lote.

Walimtaka asome mwenyewe. Alipofika kwenye "Kilo hizo anazipokea nani?" wale kina mama walijibu kwa pamoja, "Waseme!" Akalazimika kurudia. Jioni ile gazeti lilizunguka nyumba kwa nyumba, likaenda hadi kwa wavuvi mwaloni, na liliporudi kwetu lilikuwa na harufu ya dagaa na limechanika kwenye mkunjo. Baba alilibandika kwa uji wa muhogo. Hakusema kitu, lakini aliyelibandika ni yeye.

Siku chache baadaye balozi wa nyumba kumi alikuja kumwita mama kwenye mkutano. Usiku ule nilisikia wazazi wangu wakizungumza hadi majogoo. Asubuhi baba alivaa koti lake la kanisani, wakaenda pamoja.

Mkutano ulikuwa mkali. Mmoja wa viongozi aliuliza kwa nini mwanakijiji anaanika nguo za kijiji Mwanza badala ya kuleta malalamiko ofisini. Mama alijibu kwamba alianza kuyaleta pale pale chini ya mizani, mbele ya watu, na wapo hapa. Hapo ndipo alipoinuka mzee mmoja, mkulima wa pamba tangu ujana wake. Akakumbusha kwamba ugomvi wa mizani si mpya katika nchi ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisema, wakulima waliokuwa wakikusanywa na kina Paul Bomani waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani za wanunuzi, na ushirika wetu ulizaliwa katika ugomvi huohuo, mpaka tukawa na Victoria Federation, shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, mwaka 1955. "Wakati ule tulipunjwa kwa kuwa hatukujua kusoma mizani," alisema. "Leo amepatikana anayejua, tunamuuliza kwa nini amesema?" Watu walipiga makofi, na mimi niliyekuwa nimening'inia dirishani nilipiga pia nikaanguka.

Mizani ilikaguliwa. Alikuja bwana mmoja kutoka nje ya kisiwa na mawe yake ya kupimia ndani ya sanduku la mbao. Alining'iniza la kilo 20, mshale haukufika 20. Uliishia kilo moja na robo kabla. Mama alikuwa ameandika moja na nusu, ila alikuwa amejumlisha na zile nusu zisizotajwa, na alimweleza hivyo bwana yule, naye akaliandika hilo pia. Skurubu ilikuwa imejaa kutu. Sikuwahi kuamini kwamba ni kutu peke yake, na mama naye hakuamini, lakini karani alihamishwa kabla swali hilo halijaulizwa mahali pa kujibiwa. Fedha ya mizigo iliyokwisha kupimwa haikurudishwa kwa mtu yeyote. Kilo zile zilikwishapanda lori kwenda kutolewa mbegu kiwandani, zikahesabiwa huko kuwa za mtu mwingine au kuwa hazina mtu. Miaka imepita na hilo bado linaniuma, kwa sababu najua mgongo uliozilima.

Yule mzee alipendekeza msimu ujao kijiji kiwe na wapimaji wake wawili kama zamani. Yakatajwa majina ya wanaume. Mama akanyosha mkono akauliza kati yao nani amefuzu hatua ya nne. Kukawa na minong'ono, kisha kura, wakachaguliwa wanawake wawili kutoka darasa la kisomo, yeye na jirani yetu.

Juni 1977 walisimama pale kuanzia siku ya kwanza, daftari mkononi. Karani mpya alitaka kuanza na foleni. Wao walitaka kwanza aitazame mizani ikiwa tupu. Aliitazama, akapanda kwenye kiti na kuzungusha skurubu. Ndipo jirani yetu akampungia mkono mtu wa kwanza aweke mzigo, mama akausoma uzito kwa sauti mpaka kwenye nusu yake, na nusu ikaandikwa.