Siku moja maishani mwangu: sweta, pasi na damu ya mzee

Saa 11:00 alfajiri

Maji yamerudi. Nimeyasikia nikiwa bado kitandani, kwa sababu jana yalipokatika kuna mtu aliliacha bomba la jikoni wazi, na katika nyumba hii mtu huyo huwa hapatikani. Ndoo imejaa ikamwagika, kandambili za Baba Neema zinaelea kuelekea sebuleni. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na huu ni mwezi wa saba, kwa hiyo maji ya saa hizi hayakanyagiki kwa mguu mtupu. Nadeki nimevaa soksi jozi mbili na gambuti za mume wangu.

Kikapu cha uzi, chenye vipande vya sweta la shule la Neema ninalolifuma, nakiweka juu ya kabati. Huko maji hayafiki, paka hafiki, wala Neema hafiki hata akipanda kiti. Nilidhani maadui wote nimeshawahesabu.

Saa 12:20 asubuhi

Gesi imeisha na chai haijachemka. Nipo nje napepea jiko la mkaa, wifi yangu anatoka ndani na uso wa furaha. Amekuja kwetu likizo, ni binti mwenye mikono myepesi, haoni kazi akaiacha.

"Wifi, lile sweta la Neema lilikuwa limejikunjakunja, nimeliteremsha nikalipiga pasi. Sasa limenyooka."

Kwa wasiofuma, nieleze kidogo. Kipande kilichofumwa ambacho hakijaunganishwa na wenzake hujikunja kingoni. Si ugonjwa, ndiyo tabia yake, na ukikishona ubavuni kinatulia. Sufu halisi ya kondoo ungeweza kuitandikia kitambaa kibichi na kuipitishia pasi kwa juu juu, ikanyooka na kukushukuru. Lakini uzi wangu ni akriliki asilimia 100, lebo imeandikwa hivyo, na akriliki ni plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Pasi ya moto huilainisha mpaka ikasahau kuruka. Ukivuta haijirudi tena, na hakuna kuosha wala kuanika kutakakoirudisha.

Nimeingia ndani kuangalia. Mbele pazima, mkono mmoja niliokwisha kuufuma mzima. Mgongo ndio uliopitiwa, wote, kutoka kiunoni hadi mabegani, umelegea kama chapati ya jana. Hata nikiufumua, uzi wenyewe umekwisha kazi.

Nikasema asante. Wifi akikupigia pasi mbele ya mama mkwe, neno linalobaki kinywani ni hilo.

Shule zinafunguliwa Jumatatu na shule ya Neema inataka sweta la rangi ya damu ya mzee. Leo ni Alhamisi. Mama mkwe, akikoroga uji, akauliza kwa upole: "Mama Neema, si ununue tu la mtumba?" Swali zuri, kwa sababu sokoni sweta la mtoto unalipata kwa elfu tatu na uzi peke yake umenigharimu zaidi ya hapo. Nikamjibu kwamba damu ya mzee ya saizi ya miaka saba haipatikani mwezi huu, wazazi wote tunaigombea. Ni kweli, ila si sababu. Watu huniambia nina subira, na mimi sina. Nafuma kwa kuwa vyombo nilivyoosha asubuhi vitachafuka mchana na sakafu niliyodeki itakanyagwa, lakini safu ya sweta ikishakaa, imekaa. Au ndivyo nilivyokuwa naamini mpaka leo saa kumi na mbili.

Saa 2:00 asubuhi

Kazini. Ni duka la steshenari karibu na stendi: kutoa kopi, kuchapa barua, kuuza madaftari na karatasi za kuyafunika. Wiki ya kufungua shule hatukai. Mzee wa kwanza anaingia akipuliza viganja, "Kamwene!", anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, na mashine inakula karatasi hapo hapo. Nafungua mlango wa pembeni, navuta taratibu, nafunga, inakula nyingine. Zikikaa na unyevu wa baridi hii, karatasi hushikana, na mashine haina huruma.

Saa 4:10 asubuhi

Umeme umekatika. Wenye maduka ya jirani wanalaani, mimi navuta mfuko wangu chini ya meza. Lakini leo sina uzi wa kufumia mgongo upya, uzi mzima uliobaki ni wa mkono wa pili tu.

Akaingia dada mmoja mwenye karatasi iliyochapishwa kutoka intaneti, maelekezo ya Kimarekani ya sweta la mwanaume. Anataka kopi ya kumpa rafiki yake, nikamwambia asubiri umeme, tukaanza kuongea. Maelekezo yanasema sindano namba 8. "Ninazo," akasema, akatoa sindano alizorithi kwa bibi yake, zimegongwa namba 8 kichwani kabisa.

Hapa ndipo masweta mengi yanapofia. Namba za zamani za Kiingereza zinashuka kadiri sindano inavyonenepa, na za Kimarekani zinapanda. Namba 8 ya bibi ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Nikachukua kalamu. Maelekezo yake yanataka vitanzi 18 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 90 vya mgongo vinatoa sentimita 50. Kwa sindano ya bibi na uzi wa kawaida utapata kama vitanzi 22 katika sentimita 10, na vile vile 90 vitatoa sentimita 41. Mbele na nyuma ni 82 badala ya mita nzima. Sweta la mume linakuwa la shemeji aliye kidato cha kwanza.

"Sasa nifanyeje?"

Asome milimita, aachane na namba. Na afume kwanza kipande cha majaribio, apime kwa rula. Hicho kipande kila mtu anakiona ni kupoteza muda, hata mimi nakiona hivyo, lakini nakifuma. Alipoondoka alikuwa ameshaniuliza, kama wanavyouliza wote, nitamfumia kwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akacheka akidhani natania.

Saa 7:00 mchana

Sokoni, mbio, na kiazi cha kuchemsha mkononi. Muuza nyuzi ananifahamu. Akanipa madonge mawili ya gramu 50, kampuni ile ile, namba ya rangi ile ile. Nikageuza lebo nitafute namba ndogo ya pembeni, ile ya chungu cha rangi. Kiwanda hutia nyuzi rangi kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba yake, kwa sababu hata dawa zikipimwa sawasawa, chungu cha leo na cha mwezi ujao havitoki sawa kabisa. Namba hazilingani.

"Dada, damu ya mzee ni damu ya mzee tu," akasema.

Ndani ya kibanda, chini ya taa yake, kweli zilikuwa moja. Nikatoka nazo juani pamoja na kipande cha nyumbani. La zamani limeelekea kwenye kahawia, jipya lina wekundu wa bitiruti. Kwa mbali huoni. Kwenye mshono wa ubavu, vikiwa vimelala pamoja, utaona mpaka ufumbe macho.

Ipo njia ya kuzichanganya: safu mbili za uzi wa zamani, safu mbili za uzi mpya, mpaka jicho lichoke kutofautisha. Inahitaji uzi wa zamani wa kutosha, nami sina. Nikanunua hivyo hivyo. Fungu lile la kwanza limeisha, hata nikilia halirudi.

Nikiwa njiani nikapita duka la nafaka, nikamwomba dada wa pale mizani yake ndogo. Akashangaa lakini akanipisha. Mkono uliokamilika: gramu 46. Uzi wa zamani uliobaki: gramu 33. Kwa hiyo mkono wa pili hautoshi, utaishia juu ya kiwiko. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ya unga akaguna.

Mkono una urefu wa sentimita 28 na ukingo wa kubana pale kwenye kifundo ni sentimita 5. Ukingo ni kama gramu 9 hivi, mwili wa mkono ni 37. Nilitembea hadi kazini nikizizungusha namba hizo kichwani, na kabla sijavuka barabara nikapata. Ukingo wa mkono wa kwanza uondoke. Gramu zake 9 nikizijumlisha na 33 napata 42, mwili wa mkono wa pili unatosha na kubaki. Kingo zote mbili, shingo na mgongo nitazifuma kwa uzi mpya. Wekundu ukiwa mgongoni tu ni kasoro. Ukiwa mgongoni, shingoni na mikononi, ni mtindo, na mwalimu wa zamu hatauliza.

Saa 8:30 hadi 11:00 jioni

Umeme umerudi, mteja juu ya mteja. Kati ya kopi moja na nyingine nimeanzisha mgongo upya, vitanzi 77. Yule anayeniambia "hesabu yako ngapi, dada?" wakati nipo kitanzi cha 61 anamaanisha pesa, najua. Nimeanza tena kwa kuweka uzi mweupe kila baada ya vitanzi 20, na sasa hata akipita mtangazaji wa mnada na spika lake sipotei.

Saa 12:30 jioni

Nyumbani. Gesi hakuna aliyeagiza, kila mmoja alidhani mwenzake ameagiza. Tumepika ugali na maharage kwenye mkaa, jiko tukaliingiza sebuleni kuota moto huku mlango uko wazi nusu. Mama mkwe analalamikia upepo. Namwambia kila siku kwamba hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wamelala, kwa hiyo mlango unabaki wazi na kabla ya kulala jiko linatoka nje. Katika hili sisikilizi mkubwa wala mdogo.

Safu za mgongo nazihesabu kwa punje za mahindi: kila safu kumi natupia punje moja kwenye kisosi. Damu ya mzee usiku haihesabiki kwa macho, vitanzi vyote vinakuwa kivuli. Nikaenda kumwogesha Neema. Kurudi, kisosi kimeoshwa, kinang'aa.

"Mama, punje zilizokuwa hapa?"

"Nimezirudisha kwenye gunia, mwanangu. Tusizitupe."

Hata ungekasirika ungefanya nini, ukazitafute punje zako ndani ya gunia la debe sita? Nikawasha tochi ya simu, nikapanga kidole juu ya kila safu, nikahesabu kutoka chini. Wifi, bila kuambiwa, akashika simu bado ikiwaka mpaka nikamaliza. Mkono wake ulitetemeka kwa baridi na hakuushusha.

Saa 3:15 usiku

Mtoto amelala. Nimeshika mkono wa sweta na mkasi mdogo. Sweta hufumuka kutoka mwisho wake tu, huwezi kuufumua ukingo kuanzia pale ulipoanzia, nyuzi zinanasana. Njia ni kukata. Safu moja juu ya ukingo, kitanzi kimoja, uzi mmoja.

Mama mkwe ameinuka kwenye kiti. "Mama Neema! Unalikata?"

Nimelikata. Nikauvuta uzi ule kwa ncha ya sindano, kitanzi baada ya kitanzi kuzunguka safu, na ukingo mzima ukadondoka mapajani. Juu vimebaki vitanzi wazi, nikavidaka na sindano kabla havijateleza. Inabidi kufuma kwenda chini sasa, na vitanzi vilivyogeuzwa huwa vimesogea nusu upande, ila pale rangi inapobadilika jicho halitaona. Mama mkwe amesogeza kiti karibu. Anataka kujua kama sweta lake la kijivu, lililochakaa mikononi tangu zamani, linaweza kukatwa hivyo hivyo. Linaweza. Ameshalifuata chumbani.

Hapo mita ya umeme ya luku ikaanza kulia. Baba Neema ana tokeni kwenye simu, anasoma tarakimu 20 kwa sauti kutoka chumbani, mimi nabonyeza kwa kidole kimoja huku vitanzi 43 vikining'inia mkono mwingine. Alipofika ya 16 akanyamaza.

"Umefika wapi?" nikauliza.

"Simu imezima chaji."