Mkono wa Chini

Bremen, Jumapili usiku

Nimerudi kutoka mashindanoni jioni hii, na kabla hata sijavua koti nimeutoa upinde kwenye mfuko wake, nikauvika kamba tena, nikaushika kwa ncha ya juu na kufumba jicho moja, kama fundi anavyokagua ubao kujua kama umepinda. Kamba imepita katikati ya mkono wa juu, yaani lile tawi la upinde lililo juu ya mpini, ikapita katikati ya mpini, ikashuka katikati ya mkono wa chini hadi mwisho. Hapo ndipo nikavua koti. Nimekuwa nikifanya hivi kila siku ya kupiga tangu Julai iliyopita.

Upinde wenyewe ni wa mbao, wa kipande kimoja, ile aina ambayo ncha zake mbili zimejikunja kwenda mbele. Ukiwa umetulia, kamba hulala juu ya mikunjo ile. Ukianza kuvuta, kamba huinuka kidogo kidogo na mikunjo hufunguka, ndiyo maana upinde mfupi namna hii huweza kuweka nguvu nyingi. Urefu wake ni inchi 66. Karibu na mpini fundi aliandika kwa wino, kabla ya kupaka vanishi: 32 kwa 28. Maana yake ni paundi 32 ukivutwa inchi 28. Mikono yangu mifupi, mimi huishia inchi 27, kwa hiyo kinachofika vidoleni ni kama paundi 30, yaani kilo 13 na nusu hivi. Leo nimepiga mishale 60. Zidisha mwenyewe: zaidi ya kilo 800 zimepita kwenye vidole vitatu, na hapo sijahesabu ile ya kupasha mwili joto. Mabega yangu yanazijua kilo hizo moja moja wakati huu ninapoandika.

Kilichonifanya niununue ni mpini.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwenye karakana ya fundi mmoja, kijijini, treni kisha basi. Nilikuwa nimejifunza kwa mwaka mzima kwa pinde za klabu, ambazo hushikwa na kila mtu na haziwi za mtu yeyote. Fundi alikuwa ameegesha mbao ukutani kwa rangi zake, na mmoja ulikuwa mwekundu wa kuiva, rangi ya mawese yaliyotoka jikoni sasa hivi. Nikausogelea. Vumbi lake sakafuni lilikuwa jekundu vilevile. Nikainama nikalichukua kwa kidole, nikalinusa, na nikaona ua wa nyumbani kwetu Tabora, baba akipiga randa, na sisi watoto tukirudi shule na kukanyaga vumbi la mninga hadi soksi nyeupe zinabadilika rangi.

Fundi aliuita paduki. Unatoka misitu ya Kameruni, Gaboni na Kongo. Nilipofika nyumbani nikatafuta jina lake la kitaalamu nikakuta ni *Pterocarpus soyauxii*. Na mninga wetu wa miombo ni *Pterocarpus angolensis*. Ukoo mmoja. Pua yangu ilikuwa imeshajua kabla ya kitabu.

Akanipa kipande cha mti laini nikikamate kama ninavyoshika upinde, akazungushia penseli kwenye vidole vyangu, na kutoka hapo akachonga. Mikono ya upinde aliitengeneza kwa tabaka nyembamba za mwanzi zilizobandikwa kwa gundi, na mbele na nyuma akafunika kwa faibaglasi isiyo na rangi, hivyo mafundo ya mwanzi unayaona ndani kama samaki chini ya maji safi. Ukivuta, upande unaotazama shabaha hutanuka na upande unaonitazama mimi hubanwa, na mwanzi unakaa katikati ya vita hivyo viwili bila kulalamika. Nilisubiri miezi minne. Siku nilipoukamata, kiganja kilikaa kama kilikuwa kimeacha nafasi yake pale.

Mpini ule umeshabadilika. Paduki haivumilii jua. Wekundu wa mawese umegeuka, sasa una rangi ya chai ya rangi iliyokolea majani. Pale tu ninapoweka kiganja pamebaki na wekundu kidogo.

Kuna jambo nisilolifumbia macho. Novemba 2022, huko Panama, nchi zilizo katika mkataba wa CITES zilikubaliana kuziweka mbao za ukoo huu za Afrika, mninga wetu ukiwemo, kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa, kwa sababu zinakatwa kuliko zinavyoota. Fundi aliniambia ubao wangu ulikuwa karakanani kwake miaka mingi kabla ya hapo, na ninamwamini. Hata hivyo, mara nyingine nikiufuta mafuta najiuliza ni mti upi uliangushwa, na nani alilipwa shilingi ngapi kuuangusha. Upinde mmoja unahitaji kipande kisichozidi mguu wa meza. Mimi nimejiapiza kwamba huu ndio wa mwisho na utadumu kuliko mimi.

Ndiyo maana kisa cha Julai kiliniuma kiasi kile.

Tulikuwa tumepiga nje asubuhi. Nilikuwa na zamu ya mchana hospitalini, nikachelewa, nikautupia upinde ndani ya gari ukiwa na kamba yake, umesimama kwa ncha ya chini, umeegemea kiti. Nikafunga milango nikaenda kuhudumia wagonjwa saa nane. Siku hiyo jua lilikuwa kali kwa kweli. Nilipofungua mlango usiku, hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri la mikate. Nikautoa, nikatazama kamba: mkono wa chini ulikuwa umejisokota. Kamba haikupita katikati tena, ilikuwa imekimbilia pembeni kabisa, kidogo tu itoke kwenye ncha.

Kila mtu aliyewahi kunifundisha aliniambia mambo mawili: usifyatue kamba bila mshale, na usiuache upinde kwenye joto. Gundi hulegea, tabaka hutaka kuachana, na ukiwa umeegemezwa, uzito wote unaamua uende wapi. Nilijua. Nilikaa kwenye kiti cha gari na taa ya ndani ikiwaka, upinde magotini, nikalia kama mtu aliyeangusha mtoto wa watu.

Kocha wa klabu yetu, mtu mwema, alisema labda huu ndio wakati wa kuchukua upinde wa chuma. Mpini wa alumini hausikii joto, una skrubu za kurekebisha, unafungiwa kilengeo na fimbo ndefu ya kutuliza mtikisiko; wanaopiga mita 70 Olimpiki ndio wanaoutumia. Alisema mbao ni ya kujifunzia. Hapo sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Mwaka 1972 mchezo huu uliporudi Olimpiki, hapahapa Ujerumani, Munich, baada ya kukosekana tangu 1920, mipini ya mbao ilikuwa bado jambo la kawaida mstarini, na John Williams wa Marekani, kijana wa miaka 18, aliondoka na dhahabu kwa pointi 2528. Mbao haikuwa shule ya watoto.

Lakini sikutaka upinde mwingine kwa sababu ya historia. Nilitaka ule.

Fundi aliniambia nisiuweke mkononi mwa mtu yeyote, nimpelekee. Alipasha mkono wa chini kwa maji ya moto, si ya kuchemka, akausokota upande wa pili kwa mikono yake miwili, polepole, akaushikilia hadi ukapoa. Siku tatu mfululizo, mara kadhaa kwa siku. Nililala kwenye nyumba ya wageni pale kijijini ili nione. Hakunilaumu hata neno moja. Siku ya tatu aliuvika kamba, akautazama, akanipa nami nitazame, na kamba ilikuwa imerudi katikati. Akasema mbao iliyowahi kusokotwa hukumbuka, kwa hiyo niwe naitazama. Ndiyo ninaitazama.

Napiga katika kundi la upinde mtupu: hakuna kilengeo, hakuna fimbo, hakuna kibao kinacholia kukwambia umevuta vya kutosha. Ukiwa umevuliwa kamba, upinde na kila kilichofungwa juu yake lazima vipite kwenye pete ya sentimita 12.2. Wangu hauna cha kupitisha zaidi ya mwili wake. Mishale yangu pia ni ya mti, msonobari, na mikiani ina manyoya matatu ya bata mzinga, moja la njano na mawili meupe. Manyoya si urembo. Mshale wangu unakaa moja kwa moja juu ya ukingo wa mpini, na unapoondoka husugua pale. Unyoya hulala na kuinuka tena, plastiki ingegonga na kuurusha mshale pembeni. Na mshale wenyewe haukai mnyoofu hewani hata kidogo. Ukisukumwa na kamba hupinda, ukauzunguka mpini, ukapinda upande wa pili, ukaendelea hivyo kama nyoka majini hadi manyoya yaunyooshe. Ukiwa mgumu mno au laini mno kwa upinde wako, hautafika unakotazama hata ukisimama vizuri namna gani. Ilinichukua majira mazima ya baridi kupata ugumu unaofaa.

Leo ukumbini tulikuwa mita 18, shabaha ya sentimita 40, ile duara ya kumi haizidi upana wa sentimita 4. Raundi sita za kwanza zilikwenda. Ya saba, sauti ya upinde ikabadilika. Kwa kawaida hutoa mlio mkavu, mfupi, kama ufito uliogongwa. Sasa ukawa na uzito, na mishale miwili ikaingia kwenye bluu, nje ya njano ya katikati, kushoto. Moyo ukaniruka, nikatazama mkono wa chini. Umenyooka. Nikachukua rula yangu ya umbo la T nikapima kutoka kwenye mpini hadi kwenye kamba: asubuhi ilikuwa inchi 8, sasa kasoro robo. Ukumbi ulikuwa na joto na kamba mpya ilikuwa imenyumbuka. Nikaivua, nikaisokota mizunguko mitano, nikaivika. Inchi 8. Mlio ukarudi. Sijui kama ningeusikia ule uzito ningekuwa na upinde wenye vyuma vingi vya kumeza sauti.

Kuna nukta moja ninayoipenda kuliko zote, kidole kimegusa pembe ya mdomo, ncha ya mshale iko chini ya njano, mgongo umebeba mzigo wote. Hapo huwa namkumbuka Liyongo wa hadithi tuliyosimuliwa shuleni, yule aliyechomwa sindano ya shaba na mwanawe akaenda kufia kisimani, amepiga magoti, upinde umevutwa, na watu wa mji wakakaa na kiu siku nyingi wakiogopa kusogea. Sekunde tano nikiwa nimevuta, vidole vinaanza kutetemeka. Ya nane ninajua nimechelewa na inanibidi niulegeze upinde nianze upya. Kwa hiyo ninawaelewa wale waliosimama mbali na kisima na ndoo zao. Anayeweza kushikilia upinde umevutwa bila kutikisika si mtu wa kusogelewa.

Nimemaliza na pointi 412 kati ya 600. Kabla ya leo sijawahi kuvuka 400. Wa kwanza katika kundi letu amenipita kwa mbali, na amepiga vizuri mno, ilikuwa raha kumtazama.

Nilipomaliza kuukagua upinde nilimpigia baba. Mwaka juzi nilipokwenda likizo nilimpelekea kipande cha paduki kilichobaki karakanani, cha ukubwa wa kiganja. Alikinusa, akakikwangua kwa ukucha, akakipitisha randa mara moja, kisha akakiweka kwenye rafu ya misumari na hajakitumia hadi leo. Tangu nimweleze habari za gari amekuwa anaulizia upinde kama anavyoulizia wajukuu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Nimepata mia nne na kumi na mbili leo."

Akanyamaza kidogo. Pointi si lugha yake.

"Na ule mkono wa chini?"

"Umenyooka, baba. Nimeutazama sasa hivi."

"Utazame na kesho asubuhi," akasema, "mbao ikipoa ndipo inasema kweli."

Nimeuvua kamba, nimeulaza juu ya vigingi vyake viwili mbali na kipasha joto. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, nimeweka kengele ya saa dakika kumi mapema.