Titi

Sijalala vizuri tangu Jumanne na si sababu ya kazi (wamenihamisha Westlands, na dadangu amelipiwa ruracio (mahari) Jumamosi, hayo siku nyingine). Ni ile kitu ya kwa mama mboga.

Nimesimama hapo nangoja sukuma ikatwe, Kevo amechoka kutembea tangu steji, anavuta leso yangu: "Mama, titi. Nataka titi." Mama mboga akaacha kisu. "Mama Kevo! Kijana mkubwa hivi bado ananyonya?" Watu wakaangua kicheko, yule wa bodaboda akaongeza yake ambayo siandiki hapa. Na mimi, mama yake, najua vizuri kwamba kwake k ni t, kuku ni tutu, yeye mwenyewe ni Tevo, nikacheka nao. Mtoto alikuwa anataka kiti! Akarudia kwa nguvu, "TITI!", anaonyesha kile kigoda pale nyuma, watu wakazidi, akanyamaza. Mpaka nyumbani hakutoa neno.

Si ningesema tu "anataka kiti". Maneno mawili.

Cucu (nyanya) yake anasema ulimi umefungwa, ukatwe. Jirani analaumu Kikuyu, Kiswahili na Kizungu kwa nyumba moja. Nesi wa kliniki akanicheka, akasema k hutoka nyuma ya ulimi, kale kauzi ka chini ya ulimi kako mbele, na lugha nyingi hazimfungi mtoto mdomo. Akiwa na miaka 3 mgeni ashike kama robo tatu ya anachosema, akifika 4 karibu yote. Kevo ana 3 na nusu. Lakini apimwe masikio kwanza, akasema, na hapo ndio moyo ulianza kudunda, maana Aprili masikio yake yalikuwa yanatoa usaha.

Jana tukapita tena. Mama mboga (roho yake ni safi, ni mdomo tu) akapindua kreti ya soda: "Kevo, njoo, titi yako hii."

Kevo akamwangalia kama mtu ametukanwa. "Si titi! Ni TITI!"

Nikamjaribu. "Kiti?"

"Ee! Titi!" Akakaa.

Kumbe tofauti anaisikia, ni ulimi tu haujafika! Nilicheka mpaka machozi, na safari hii naye akacheka. Kupimwa bado tunaenda Alhamisi.

Sasa maji hayajatoka tangu juzi, na mtungi uliobaki unanuka mafuta taa, sijui nani aliutumia.