Jinsi nilivyopanga upya safuwima za bei za sambaza

Hapa Bukavu naandika bei za sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, katika masoko ya Kadutu na Nyawera, kisha nazichambua kwa R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Jedwali langu lilianza na tarehe, bei, uzito, muuzaji, na soko likawa mwishoni kabisa. Mama mmoja anayeuza sambaza aliniambia, "Mwanangu, bei bila soko haina maana." Kweli kabisa. Soko lilipaswa kutangulia.

Mwanzoni nilipanga kwa namba ya nafasi ya kila safuwima: jedwali[, c(5, 1, 2, 3, 4)]. Ilikubali. Lakini mwezi uliofuata niliongeza, kabla ya muuzaji, safuwima ya hali ya mwezi angani, maana wavuvi wa ziwa Kivu huvua sambaza usiku kwa taa, na mbalamwezi hupunguza mavuno. Namba zikasogea: muuzaji akakaa mahali pa soko, na safuwima ya mwisho ikapotea bila R kutoa onyo lolote. Hilo liliniumiza, kwa kuwa bei hizi watu wanazitegemea.

Suluhisho likawa kutaja majina, kwa amri ya relocate iliyoingia kwenye dplyr 1.0.0 (kifurushi cha R cha kupanga majedwali) mwaka 2020:

jedwali <- jedwali |> relocate(soko)

Bila maelekezo mengine, safuwima iliyotajwa huja mbele, na zilizobaki hazipotei. Ukitaka bei ifuate uzito, andika relocate(bei, .after = uzito). Usisahau ule mshale wa kushoto: bila huo mpangilio mpya huonekana kwenye skrini tu, jedwali lenyewe halibadiliki.