Mama Bruno na bili ya meno

Euro 780. Sijakosea tarakimu. Kung'oa meno sita ya mbwa, sindano ya usingizi, kipimo cha damu na vidonge vya maumivu vya siku tano. Bili imekuja kwa barua, kila kitu na mstari wake, mpaka pamba. Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, bwana mifugo akipanda na pikipiki kumtazama ng'ombe wa mama, anapewa ya dawa na ya mafuta, anafungiwa na ndizi za kwenda nazo. Huyu wa Berlin nilijaribu: "Dokta, nipunguzie kidogo." Akaniambia kwa upole kwamba haruhusiwi. Ada za madaktari wa wanyama Ujerumani zimewekwa kisheria, zikapandishwa Novemba 2022, na kushuka chini ya kiwango ni kosa. Kupanda anaruhusiwa, hata mara tatu ya kiwango hicho.

Hapo sijagusa kodi. Ndiyo, mbwa analipiwa kodi. Hapa Berlin ni euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza. Ukiongeza wa pili, huyo ni 180. Waprusi, Wajerumani wa ufalme wa huku Berlin enzi hizo, waliianza mwaka 1810, wakahesabu mbwa ni anasa. Kwa hiyo Wajerumani walipofika kwetu na kuwatoza babu zetu kodi ya kibanda mwaka 1898, mkono ulishazoea. Bima nayo ni lazima, asije akamwangusha mtu. Na treni ya masafa, mbwa wa kimo cha huyu wangu hukatiwa tiketi ya nusu nauli.

Mtauliza nani alinituma.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mzee anapoletwa anakuja na masanduku mawili na picha ya mbwa. Wengine wananiuliza usiku, "Yuko wapi?", na jibu la swali hilo sikufundishwa chuoni. Siku moja ya mapumziko nikaenda kwenye makazi ya mbwa walioachwa, kutazama tu, nikijidanganya. Wadogo wanaruka, wanalamba nyavu, na watu wamejaa hapo na watoto wao. Mwishoni kuna wazee. Huko hapana foleni. Kibao kinasema: Bruno, miaka 11, aliyemfuga amehamia nyumba ya wazee. Hakuinuka. Alinyanyua jicho moja tu, kama mzee aliyekaa kilabuni na mbege yake anapoona mtoto ametumwa kumwita.

Walinihoji. Unakaa ghorofa ya ngapi, kuna lifti? Zamu za usiku atabaki na nani? Barua ya mwenye nyumba iko wapi? Nilipoomba viza sikumbuki mtu kuniuliza kama nina lifti. Nikarudi mara tatu kumtembeza ndipo wakanipa, na blanketi lake juu, kwamba asiikose harufu yake. Mimi nilitua na kilo 23 na sweta la mitumba.

Sasa sikilizeni hili. Miaka minne ndani ya jengo lile, salamu ilikuwa "Hallo" na mlango unafungwa. Tangu nimlete Bruno, bibi wa chini ananisimamisha, anauliza kama amelala vizuri, kama dawa anameza. Jina langu liko kwenye sanduku la barua tangu nihamie, hakuna anayelijua. Wana neno lao la mwanamke mwenye mbwa, Frauchen, na ndilo ninaloitwa: Frauchen wa Bruno. Mswahili akilisikia hilo anatafsiri nini? Nina miaka 36, mama yangu anasubiri kuitwa bibi, nami huku ni Mama Bruno.

Kosa langu nilituma picha kwenye kundi la familia. Mdogo wangu akajibu: "Shikamoo Mama Bruno. Ada ya muhula wa pili bado, tunaomba Bruno atukopeshe." Nilicheka. Usiku, zamuni, sikucheka. Bati nimenunua mimi, tanki la maji mimi, ada ya muhula wa kwanza mimi. Hajawahi mtu kuandika pale kuuliza kama nimekula.

Wewe unayejiandaa kuja kusomea uuguzi wa wazee, mwaka wa kwanza usikaribie mbwa. Maliza Kijerumani chako, soma mkataba wa nyumba mstari kwa mstari, weka akiba. Na ukimkuta mbwa njiani usiokote jiwe wala usitimue mbio. Sema unaogopa, mwenyewe atafupisha kamba, wala hatakucheka.

Nakumbuka Simba wetu. Mchana alikuwa kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa, anakula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa. Alipozeeka akawa anambwekea baba mwenyewe, hamtambui. Siku moja nimetoka shule nikakuta mnyororo na mtoto wa mbwa mgeni. Hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuuliza. Kwetu mbwa mzee hauliziwi.

Bili nimekubaliwa kulipa kwa awamu tatu. Dokta amesema Bruno apewe chakula laini, nami nikanunua vile vya kopo, euro tatu kimoja. Siku mbili anavinusa na kunigeuzia mgongo. Jumapili nilikuwa nimesonga ugali laini wangu, na dagaa wasio na chumvi wa duka la Waafrika. Alikuja mwenyewe jikoni, akakaa. Nikampozea, nikampondea. Alilamba sufuria mpaka ikasogea chini ya meza.

Nikampigia mama kwa video aone. Alimtazama muda mrefu.

"Sasa hizo meno umelipia za nini," akasema, "si ungeanza na ugali?"