Kwa nini bado nipo wodi ya akili

Watu wakijua nauguza wagonjwa wa akili hapa Mwanza, huniuliza, "Sista, huwaogopi?" Wenzangu wengi wamehama: wengine wako wodi ya wazazi, mmoja kafungua duka la dawa Igoma. Sijasikia hata mmoja akisema kaondoka kwa sababu alipigwa na mgonjwa. Kilichowachosha ni kupigwa, kuandika ripoti, kisha kuambiwa warudi kumalizia zamu.

Na mmoja akihama, zamu zake hazihami naye. Tunagawana sisi tuliobaki, tunachoka, mwingine anaandika barua. Usiku mko wachache kiasi kwamba mgonjwa akichachamaa hakuna wa kukaa naye na kumtuliza kwa maneno. Mnakimbilia sindano ya haloperidol, dawa ya kumtuliza, na asubuhi mgonjwa hana imani nanyi tena.

Mimi nilianza kukosa usingizi hata siku za mapumziko. Nikasoma kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa kabisa na kazi (burnout) kuwa inatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala halikuiorodhesha kama ugonjwa. Basi tatizo liko kazini, nikasema, likatibiwe kazini. Sikwenda kwa matroni kuomba likizo. Nilikwenda na rosta ya zamu mkononi.

Tulikubaliana zamu za usiku zisirundikwe kwa mtu mmoja mfululizo. Hakuna anayemshika mgonjwa aliyechachamaa peke yake, hata awe mzoefu vipi. Aliyeumizwa anapimwa na kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Gumu zaidi lilikuwa la kukabidhiana zamu: nilitaka tukishamaliza habari za wagonjwa na dawa, anayetoka apewe nafasi ya kusema yaliyomkuta. Wakongwe waliita kulialia. Kisha mmoja wao, mtu wa maneno machache, akaanza kueleza kisa cha miaka ya nyuma ambacho hakuwahi kumwambia hata mkewe, tukachelewa wote kuondoka. Tangu hapo hakuna aliyebeza.

Muuguzi wa ziada hatujapata. Matroni alinijibu waziwazi, "Mwanangu, watu sina." Mwezi ujao kuna mwenzetu anahamia Geita kumfuata mumewe, na huyo simlaumu. Zamu zake tumeshazijadili kwenye kikao, tukabishana hadi chai ikapoa. Zamani tungezikuta tu zimebandikwa ubaoni.