Siku 60 za kutafuta sponsa mpya: uzoefu wangu Uingereza

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, simu ilitetemeka nikiwa ndani ya basi. Barua pepe ilitoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza: kampuni iliyonidhamini imefutiwa leseni ya udhamini (ruhusa ya kuajiri watu wa kutoka nje kwa viza), viza yangu inafupishwa, nina siku 60 za kupata sponsa mpya, yaani mwajiri mwingine wa kunidhamini, au niondoke. Nilishuka kituo kisicho changu, nikakaa kwenye benchi, nikahesabu kwa vidole mpaka nikaifikia tarehe 9 Mei.

Kila wiki napata ujumbe wa mtu aliyefikwa na jambo hilihili, ndiyo maana nimeamua kulieleza lote kwa utaratibu.

Nilikuja England mwaka 2023 kufanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa. Sikuja kwa kubahatisha. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, uhuru wa raia wa nchi za umoja huo kuja kufanya kazi uliisha, na kanuni mpya za alama (unapata viza ukifikisha alama zinazotakiwa) zikaanza Januari 2021. Wahudumu wa kawaida hawakuwemo kwenye orodha ya kazi zinazopewa viza. Hiyo ikiwa sababu mojawapo, mwaka 2021/22 sekta ya kea England ilikuwa na nafasi 165,000 zisizo na watu. Februari 2022 serikali ikawaongeza wahudumu kwenye orodha, na sisi tukaja kwa maelfu: Wanigeria, Wahindi, Wazimbabwe, Waghana, na Waafrika Mashariki tuliokuwa wachache kidogo.

Mkataba wangu ulisema saa 39 kwa wiki. Nilizozipata zilikuwa 15, wiki nyingine 9. Kampuni ilikuwa imeleta watu wengi kuliko kazi iliyokuwa nayo. Wengine walikuwa wamewalipa mawakala pesa nyingi kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo wangeanzaje kulalamika? Viza inakufunga kwa mwajiri mmoja. Ukimshtaki akapoteza leseni, na wewe umepoteza viza. Fundo lenyewe liko hapo, na mpaka leo linanikera. Mwajiri mbaya alikuwa na uhakika kwamba tutanyamaza. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zaidi ya kampuni 470 za kea zilinyang'anywa leseni, na watu zaidi ya 39,000 waliguswa. Mimi ni mmoja tu wa waliokumbwa na wimbi hilo lililoendelea mwaka uliofuata.

Jambo la kwanza la kujua: siku 60 zinahesabiwa kuanzia barua ya wizara, si siku kampuni inapopoteza leseni. Yangu ilifutiwa leseni Januari, barua ikaja baada ya wiki saba. Hizo wiki saba nilizipoteza nikisubiri meneja atuambie "mambo yatakaa sawa". Laiti ningeanza kutafuta siku ileile.

Na sikuwa na pa kurudi kirahisi. Mwanangu alikuwa bado kwa mama yangu. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya haruhusiwi kuja na mtoto wala mwenzi, ila sisi tuliokuwa tayari kwenye viza hii kabla ya hapo tulibakiziwa haki hiyo, hata tukibadili mwajiri, mradi viza isikatike. Ningeondoka nikaomba upya kutoka nje, haki ya kumleta mwanangu ingepotea. Hilo lilininyima usingizi kuliko pesa, ingawa pesa nayo haikuwepo. Viza yetu haituruhusu kupokea posho za serikali, na kampuni haikuwa na zamu za kunipa. Niliishi kwa akiba na kwa mchango wa wanawake wa chama chetu.

Mwezi wa kwanza nilituma maombi zaidi ya sabini. Yote yalianza hivi: "Nahitaji udhamini wa haraka." Majibu yalikuwa matatu, yote ya kukataa. Kampuni za kea ya majumbani zilitaka dereva, nami leseni ya nyumbani ilikuwa imeshapita miezi 12 inayokubalika huku, na mtihani wa Uingereza nilikuwa sijaufanya. (Ukifika tu, fanya mtihani. Usingoje.) Wakala mmoja alinipigia akitaka pauni 6,000 anitafutie sponsa. Nilikata simu. Tangu mwisho wa mwaka 2024 mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi gharama ya leseni ya udhamini wala ya cheti cha udhamini, hati ya mwajiri unayoombea viza. Anayekudai pesa hizo anakuuza.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja Mtanzania aliyeifanya kazi hii zaidi ya miaka kumi. Alisoma barua yangu ya maombi jikoni kwake, akaiweka mezani.

"Mdogo wangu, umeandika shida yako tu. Na huyu mwajiri naye ana shida zake. Unazijua?"

"Sizijui, dada."

"Basi kazijue kwanza."

Nikakaa kuzijua. Kuanzia tarehe 9 Aprili 2025 cheti cha udhamini kilipanda kutoka pauni 239 hadi 525. Juu yake kuna tozo ya ujuzi, ada ambayo mwajiri anailipa serikali kwa kila mfanyakazi anayemdhamini, wakati ule pauni 364 kwa mwaka kwa mwajiri mdogo na 1,000 kwa mkubwa. Halafu mshahara: mwaka ule mhudumu mwenye viza ilikuwa lazima alipwe angalau pauni 12.82 kwa saa, wakati kima cha chini cha wafanyakazi wa miaka 21 na zaidi nchini kilikuwa 12.21. Mwezi huohuo mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa ulipanda hadi asilimia 15. Na malipo ya wazee wengi yanatoka halmashauri, kwa bei ambayo mwajiri haamui. Mtu mwenye nyumba ya wazee yenye vitanda thelathini anaposoma "nahitaji udhamini", anachokiona ni gharama, makaratasi, na hofu ya wakaguzi kumfutia leseni yake kwa kosa la tarehe.

Lakini tarehe ileile ya 9 Aprili ilileta kanuni nyingine, na hii ilikuwa upande wetu. Mwajiri wa England aliyetaka kumleta mhudumu kutoka nje alitakiwa kwanza athibitishe kwamba amejaribu kuajiri kati yetu tulioachwa na makampuni, kupitia ushirikiano wa halmashauri wa eneo lake, unaowaunganisha walioachwa hivyo na waajiri wapya. Kumchukua aliye ndani tayari kwenye viza hii hakukuhitaji uthibitisho huo. Kwa hiyo nilikuwa rahisi kuliko mgeni wa kutoka nje, nami nilikuwa naandika kama vile ni mzigo.

Nikajiandikisha kwenye ushirikiano wa Midlands Mashariki, eneo la katikati-mashariki mwa England, nikaandika barua upya. Aya ya kwanza ilitaja uzoefu wangu: kumnyanyua mgonjwa kwa mashine, kutoa dawa, kuwahudumia wenye maradhi ya usahaulifu. Ya pili ilimjibu mwajiri kabla hajauliza: nimo nchini, kanuni ya 9 Aprili hainihusu, Kiingereza nilishathibitisha kwenye viza ya kwanza, naweza kuhama mji, siku yangu ya mwisho ni tarehe 9 Mei. Nikaambatanisha faili moja: hati za mshahara za miezi yote, vyeti vya mafunzo, ukaguzi wa rekodi za jinai, barua ya wizara. Hati za mshahara nilikuwa nimezitunza tangu siku ya kwanza, na zilinifaa sana, kwa sababu zilionyesha kwamba kosa la saa chache lilikuwa la kampuni.

Ndani ya siku kumi niliitwa sehemu nne. Nyumba ya wazee iliyonichukua iko kijijini Lincolnshire. Usaili ulikuwa siku ya 44. Meneja hakuniuliza mengi. Alinipeleka sebuleni wakati wa chakula cha mchana. Kulikuwa na bibi mmoja ameshika kijiko kichwa chini, anachokora mchuzi, haupandi, na machozi yanamlengalenga. Nilichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, nikamsalimia, nikapitisha mkono wangu chini ya wake, tukakigeuza kijiko pamoja. Ukiupitisha mkono wako juu ya wake anahisi analishwa. Ukiupitisha chini, anakula mwenyewe. Alimaliza bakuli. Nilipogeuka, meneja alikuwa bado amesimama mlangoni.

Ofisini alinionyesha ratiba ya zamu. Zamu za usiku zilikuwa na visanduku vitupu kila wiki, vikijazwa na vibarua wa wakala kwa bei ya juu, kila siku sura mpya ambayo wazee hawaijui. Akaniambia wazi kilichokuwa kinamsumbua: hawezi kunilipa 12.82 huku mwenzangu Mwingereza tunayebeba naye kitanda kimoja analipwa 12.21. Itabidi awapandishie wote, au asiniajiri. Aliomba wiki moja azungumze na wenye nyumba. Hiyo wiki sitaisahau.

Aliwapandishia wote. Cheti kikatoka siku ya 53, nikatuma ombi la viza siku ya 55. Ukituma kabla siku hazijaisha, unabaki nchini kihalali mpaka ujibiwe, ila kazi mpya huianzi kabla ya jibu. Jibu lilikuja katikati ya Juni.

Wakati nikisubiri, tarehe 12 Mei, serikali ilitoa waraka wake wa sera ya uhamiaji, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje ukafungwa kabisa. Tuliomo nchini tumeachiwa kipindi cha mpito, cha kuongeza viza au kubadili mwajiri, hadi Julai 2028.

Nimeona ndani ya nyumba moja kile ambacho kanuni hiyo inafanya. Mwaka 2024/25 nafasi wazi zilikuwa zimeshuka hadi 111,000, kwa sababu tulikuja. Lakini mwaka huohuo wahudumu Waingereza walipungua kwa takriban 30,000, na wageni wapya walikuwa 50,000 badala ya 105,000 wa mwaka uliotangulia. Tangazo la zamu za usiku lilibandikwa kijijini tangu Agosti. Walikuja wawili, mmoja akaondoka baada ya wiki tatu kwenda ghala linalolipa zaidi. Waajiri wa jirani sasa wananyang'anyana wahudumu. Nami napigiwa simu na watu ambao mwaka jana hawakunijibu, na zamani sikuwahi kuwa na uwezo wa kusema hapana.

Nimebaki Lincolnshire. Mtihani wa udereva nimefaulu, na maombi ya mwanangu nayaandaa. Viza yangu ni ya miaka mitatu, inaisha Juni 2028, mwezi mmoja tu kabla ya kipindi cha mpito kuisha. Nilimwonyesha meneja. Ameiandika tarehe hiyo kwa wino mwekundu ukutani ofisini, pembeni ya ratiba ya zamu.